Kabla ya Kuzidisha, Uliza Sifuri Iko Wapi

Geji nyingi za presha zina duara mbili za namba usoni, moja ya bari na nyingine ya PSI, na sindano moja inayozisoma zote mbili. Aliyeichora ameshakufanyia hesabu. Ndiyo maana huwa nashangaa kidogo nikiona watu wanavyosaka kikokotoo cha kubadili vizio vya presha, kana kwamba hapo ndipo penye ugumu. Kuzidisha bari kwa 14.5 kupata PSI hakumshindi mtu mwenye simu mfukoni. Nimeshika geji muda wa kutosha kuamini kwamba makosa mengi ya presha hayatokei kwenye kuzidisha. Yanatokea kabla ya hapo, pale ambapo hakuna aliyeuliza namba hii imeanza kuhesabiwa kutoka wapi.

Hata hivyo tuanze na kuzidisha, maana nako kuna utamu wake.

Presha ni kani iliyogawanywa kwa eneo. Paskali moja ni nyutoni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba, na hicho ni kiasi kidogo mno. Karatasi ya kawaida ya gramu 80 kwa mita ya mraba, ikiwa imelala mezani, inaikandamiza meza kwa takriban paskali 0.8. Kizio hiki kilipewa jina lake mwaka 1971, na tangu hapo ni nadra kukiona peke yake. Watu wa hali ya hewa wanakitumia kwa mamia, yaani hektopaskali, watu wa matairi kwa maelfu, na watu wa zege na vyuma kwa mamilioni. Hawa wa mwisho wana bahati: megapaskali moja ni sawasawa na nyutoni moja kwa milimita moja ya mraba, kwa kuwa mita ya mraba ina milimita za mraba milioni moja. Hapo hakuna cha kukokotoa.

PSI, pauni kwa inchi ya mraba, ndiyo inayowatisha wengi, na ndiyo ninayopenda kuifungua kwa mkono. Tangu makubaliano ya 1959, pauni ni kilo 0.45359237 kamili na inchi ni sentimita 2.54 kamili. Kwa maneno mengine, vipimo vya Kiingereza siku hizi vinaning'inia kwenye kilo na mita, hata kama wanaovitumia hawajali. Chukua hiyo pauni, izidishe kwa mchapuko sanifu wa mvutano wa dunia, 9.80665, upate nyutoni 4.448. Kisha gawa kwa eneo la inchi moja ya mraba. Hapa ndipo wengi huteleza: inchi inabadilishwa mara mbili, urefu na upana, kwa hiyo ni 2.54 mara 2.54, sentimita za mraba 6.4516, ambazo ni mita za mraba 0.00064516. Gawa, na jibu ni paskali 6,894.76. Bari ni paskali laki moja: gawa laki moja kwa namba hiyo, ile 14.5 ya bari inajitokeza yenyewe.

Kichwani mimi hutumia saba. PSI mara saba ni kilopaskali, kisha punguza kama asilimia moja na nusu. Tairi la PSI 32: mara saba ni 224, punguza tatu na kitu, unafika 220 na ushei. Jibu la kikokotoo ni 220.63. Kwa tairi, hiyo tofauti ni ya kucheka.

Nataka kukaa kidogo kwenye hiyo desimali. Geji ya viwandani huandikwa daraja lake chini ya sindano, kwa mfano 1.6, maana yake kosa linaloruhusiwa ni asilimia 1.6 ya kipimo chake chote. Geji ya bari 10 ya daraja hilo inaruhusiwa kukosea bari 0.16, ambayo ni zaidi ya PSI 2. Halafu mtu anasoma sindano yake kwa jicho la pembeni, anaona bari 2.2, anaingiza kwenye simu, na kwenye ripoti anaandika PSI 31.90830. Zile tarakimu za mwisho hazikutoka kwenye tairi. Zimetoka kwenye simu. Mimi naona ni heri kuandika 32 na kulala usingizi.

Kuna familia nyingine ya vizio ambayo huleta mkanganyiko wa kimyakimya kwa sababu vyote vinakaribia kuwa kitu kimoja. Bari ni paskali 100,000. Atmosfia sanifu ni paskali 101,325 kamili, kama ilivyowekwa mwaka 1954. Na kilo kwa sentimita ya mraba, ambayo bado utaikuta kwenye geji nyingi za zamani, ni paskali 98,066.5. Mafundi wengi huzichukulia zote tatu kuwa moja, na kwa kompresa ya kupulizia vumbi sina ugomvi nao. Kati ya ndogo na kubwa kuna tofauti ya asilimia 3.3. Ila valvu ya usalama iliyopangwa kufunguka kwenye 40 si mahali pa kuuliza “kwani si ni zilezile?” Kilo 40 kwa sentimita ya mraba ni bari 39.2, na atmosfia 40 ni bari 40.5. Anayeisaini valvu hiyo anapaswa kujua amesaini ipi.

Sasa sifuri.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi aliwahi kuniuliza, “Kaka, PSI sifuri ni bari ngapi?” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile ni swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu jambo hili. Sifuri mara chochote ni sifuri, ndiyo. Lakini geji ya tairi inaposema sifuri, tairi halina ombwe, yaani utupu usio na hewa kabisa. Lina hewa ya kutosha tu, hewa ileile iliyoko nje, ikisukuma kutoka ndani kwa nguvu ileile ambayo ya nje inasukuma kuingia. Geji inapima tofauti ya hizo mbili. Hiyo tunaiita presha ya geji. Ukianza kuhesabu kutoka kwenye ombwe lenyewe, tairi hilo “tupu” lina presha kamili ya karibu bari 1, au PSI 14.7 ukiwa usawa wa bahari.

Kwa hiyo kuna aina mbili za kubadili. Ya kwanza ni kuzidisha, kutoka kizio hadi kizio. Ya pili ni kujumlisha au kutoa, kutoka sifuri moja hadi nyingine. Vikokotoo vya mtandaoni vinafanya ile ya kwanza na kunyamaza kuhusu ya pili. Vitachukua PSI 32 zako na kukupa atmosfia 2.18 bila kuuliza chochote, na kama ulikuwa unahitaji presha kamili, jibu lako lina upungufu wa atmosfia nzima.

Lini unahitaji presha kamili? Kila unapogusa sheria za gesi. Chukua tairi la bari 2.2 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, lipashe joto hadi nyuzi 50. Mwenye haraka anachukua 2.2, anaizidisha kwa 323 na kuigawa kwa 293, anapata 2.43. Amekumbuka kubadili nyuzi ziwe kelvini, hongera yake, lakini presha ameiacha kwenye sifuri ya geji. Hewa iliyo ndani haijui kama nje kuna hewa nyingine. Yenyewe ina presha ya 3.2, na ndiyo inayopanda hadi 3.53, na sindano inaonyesha 2.53. Huwa inanichekesha kidogo kwamba tunafundishwa shuleni kuogopa Selsiasi kwenye hesabu za gesi, lakini hakuna anayetufundisha kuiogopa geji, na kosa ni lilelile: kuanza kuhesabu katikati ya njia.

Wazamiaji wanalijua hili kwa mapafu yao. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza takriban bari 1. Kwenye kina cha mita 10, maji yamekuongezea bari 1, lakini pamoja na hewa iliyo juu ya maji, mwili uko kwenye bari 2. Pumzi iliyovutwa hapo kutoka kwenye mtungi, ikifungiwa kifuani hadi juu, inataka kuchukua nafasi mara mbili. Ukitoka mita 30 hadi 20, umepanda mita 10 zilezile, lakini presha imeshuka kutoka 4 hadi 3, na hewa inatanuka kwa theluthi moja tu. Ndiyo maana mita za mwisho, zile zinazoonekana salama kwa kuwa mwanga uko karibu, ndizo wanazofundishwa kuziogopa. Jaribu kuifanya hesabu hiyo kwa presha ya geji: juu ya maji ni sifuri, na utakuwa unagawa kwa sifuri. Hesabu yenyewe inakukatalia.

Historia ya kupima presha, nikiitazama, naiona kama hadithi ya neli mbili: moja imezibwa juu, nyingine iko wazi.

Ile iliyozibwa ni ya Torricelli, mwanasayansi wa Kiitaliano. Unajaza zebaki kwenye neli ndefu ya kioo, unaziba mdomo, unaipindua ndani ya bakuli la zebaki. Zebaki inashuka kiasi, kisha inasimama kwenye sentimita kama 76, ikiacha nafasi tupu juu yake. Mwaka 1644 alimwandikia rafiki yake Michelangelo Ricci kwamba tunaishi tumezama chini ya bahari ya hewa. Ile nafasi tupu ndiyo sifuri yake, na ni sifuri ya kweli. Neli hiyo ndiyo barometa, na inasoma presha kamili. Kwa maji badala ya zebaki, neli ingehitaji zaidi ya mita 10, na hapo ndipo ulipo ukomo wa pampu za kuvuta maji: hazivuti, hewa ndiyo inayosukuma kutoka chini, na ikisukuma kwa nguvu zake zote inafikisha mita 10.3 tu.

Miaka minne baadaye Blaise Pascal, yule ambaye paskali imebeba jina lake, alimwomba shemeji yake, Florin Périer, apande na neli ya namna hiyo juu ya mlima Puy de Dôme huko Ufaransa. Ilikuwa tarehe 19 Septemba 1648. Napenda kuzibadili namba za Périer kwa sababu vizio vyake vimekufa kabisa. Bondeni alisoma inchi za Kifaransa 26 na mistari mitatu na nusu. Kileleni alisoma inchi 23 na mistari miwili. Inchi ile ilikuwa na mistari 12, na urefu wake milimita 27.07. Ukifanya subira unapata milimita 712 bondeni na 627 juu, yaani hektopaskali 949 na 836. Tofauti ya hektopaskali 113 kwa kupanda karibu mita 1,000, namba ambayo mtu wa hali ya hewa wa leo angeikubali bila kukunja uso. Na mtawa mmoja alibaki chini siku nzima akichunga neli ya pili, kuhakikisha kwamba ni mlima uliobadilisha zebaki na si siku. Neli ya chini haikutikisika. Kwangu mimi huyo mtawa ndiye aliyelifanya jaribio liwe jaribio.

Neli iliyo wazi ni ya Stephen Hales, mchungaji wa Kiingereza, ambaye mwaka 1733 alichapisha habari za farasi jike aliyemfunga na kumwingiza bomba kwenye mshipa wa ateri, akaliunganisha na neli ndefu ya kioo. Damu ilipanda hadi futi 8 na inchi 3 juu ya usawa wa moyo. Ni sentimita 251 za damu. Damu ni nzito kuliko maji kwa asilimia tano au sita, na zebaki ni nzito kuliko maji mara 13.6, kwa hiyo safu ile ni sawa na milimita za zebaki 195 hivi. Mnyama alikuwa amelazwa chini, amefungwa, ana hofu. Nani asingepanda presha?

Neli ya Hales ilikuwa inapokea hewa juu yake, na moyo wa farasi ulikuwa chini ya hewa ileile. Zikakatana. Ndiyo maana presha ya damu hadi leo ni presha ya geji. Ukiambiwa 120 kwa 80, hizo ni milimita za zebaki juu ya hewa ya chumba, kilopaskali 16.0 kwa 10.7. Kwa presha kamili ingekuwa 880 kwa 840 usawa wa bahari, na kila hewa ikibadilika nje daktari angelazimika kutoa upya. Sioni kosa lolote kwa hospitali kung'ang'ania zebaki hata baada ya mashine nyingi kuwa hazina tone la zebaki ndani. Namba 120 imebeba kumbukumbu ya wagonjwa wengi mno, na 16.0 bado haijabeba ya mtu. Na kwa nini zebaki tangu mwanzo? Kwa maji, 120 ingekuwa sentimita 163. Hebu fikiria kulitembeza dude hilo wodini.

Lakini presha ya damu ina sifuri ya pili, na hii hainukuliwi mara nyingi inavyostahili: usawa wa moyo. Mkono ukining'inia sentimita 10 chini ya moyo, safu ya damu ya sentimita 10 inaongezeka kwenye kipimo. Badili: sentimita 10 za damu ni kama sentimita 10.5 za maji, nazo ni milimita za zebaki karibu 8. Hakuna kilichobadilika mwilini, ila 120 imekuwa 128. Ndiyo sababu mhudumu mzuri anauegemeza mkono wako mezani kabla ya kukifunga kile kitambaa.

(Kwa wapenda vizio: tori na milimita ya zebaki si kitu kimoja kabisa. Tori ni 1/760 ya atmosfia. Milimita ya zebaki imefungwa kwenye uzito wa zebaki, gramu 13.5951 kwa sentimita ya ujazo. Tofauti yao inaonekana kwenye tarakimu ya saba. Niliwahi kuhudhuria mabishano marefu juu ya jambo hili, na kahawa ilipoa bure.)

Mahali ambapo kizio na sifuri vinakutana kwa hatari kubwa zaidi ni kwenye ndege. Altimita ya kawaida ni barometa iliyoandikwa urefu badala ya presha. Rubani huiambia sifuri yake iko wapi kwa kuipa presha ya usawa wa bahari ya siku hiyo. Sehemu kubwa ya dunia hutoa namba hiyo kwa hektopaskali. Marekani na nchi nyingine chache hutoa kwa inchi za zebaki. Hali sanifu ni hektopaskali 1013.25, ambazo ni inchi 29.92. Sasa sikiliza mwongoza ndege anaposema “tisa tisa mbili”. Anamaanisha hektopaskali 992. Rubani aliyezoea inchi, ambaye amesikia 29.92 maelfu ya mara, na amechoka, anaweka 29.92. Tarakimu zimefanana kwa bahati mbaya tupu. Kati ya 992 na 1013 kuna hektopaskali 21, na karibu na usawa wa bahari kila hektopaskali ni kama mita 8.3. Ndege iko chini ya inavyoonyesha kwa karibu mita 175, na kama kuna wingu, hakuna dirisha litakalomwambia. Ndiyo maana ni vyema kizio kitamkwe pamoja na namba, hata pale ambapo kila mtu anadhani anajua.

Upande wa ombwe nako kuna vituko. Jamaa mmoja alinipigia akilalamika kwamba pampu yake mpya ya kuvuta hewa ni mbovu. Karatasi iliahidi bari −0.95 na sindano ilikuwa inagoma kupita −0.78. Ameshabadili mafuta, ameshakaza viungo vyote. Nikamuuliza yuko mwinuko gani. Mita 1,600. Kwenye mwinuko huo hewa yenyewe ina kama bari 0.835 tu, basi hata ombwe kamilifu, ambalo hakuna pampu inayolifikia, lingesoma −0.835. Kile alichokuwa anakitaka kilikuwa chini ya utupu. Pampu iliyobakisha milibari 50, yaani bari 0.05, za presha kamili ndani ya chombo itaonyesha −0.96 ufukweni na −0.785 kwake, ikifanya kazi ileile. Pampu yake haikuwa na ubaya wowote. Karatasi ilikuwa imeandikwa na mtu wa ufukweni.

Wataalamu wa vipimo hawapendi kizio kibandikwe herufi za ziada. Kwao, bari ni bari, na kama ni ya geji au kamili, sema hivyo kwenye jina la kitu unachokipima: presha ya geji, bari 2.2. Kimantiki wako sahihi. Lakini karatasi za karakana hukatwa, hukunjwa na kulowa grisi, na neno lililo mbali na namba ndilo hupotea kwanza. Kwa hiyo mimi huweka herufi palepale kwenye namba, k ya kamili au g ya geji. Yule jamaa nilimwomba afute −0.95 kwenye ubao wa mashine na aandike milibari 50k, kisha atafute geji inayoanza kuhesabu kutoka kwenye ombwe.